Siku Nliyomtunza Bwana Mabomba

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 1964, nliulizwa suala moja tu.

"Umebeba nini hicho?"

"Randa," nikajibu.

Aliyeniuliza alikuwa Mhindi wa Kachi, mkuu wa karakana ya useremala katika kambi ya kampuni ya mafuta pale Saih al Malih, Maskati, ambapo leo nyinyi vijana mnapaita Mina al Fahal na mnapapita mmefunga vioo vya gari. Sote tukimwita Mistri, ndicho cheo cha fundi mkuu kwa watu wa kwao. Akaipokea ile randa, akaipindua, akaufumbia jicho moja ule ulimi wake wa chuma kama mtu achunguliaye tundu ya ufunguo. Halafu akanirejeshea.

"Randa nzuri," akasema. "Mwenyewe tutamuona."

Basi nikaajiriwa. Cheti sikuwa nacho na sinacho mpaka leo. Skuli nliiacha darasa la tatu kwa mapatano, mwalimu hakunitaka na miye sikumtaka. Kutoka Unguja nliteremka na mke, watoto wawili na sanduku la vyombo vya useremala. Nguo tulizisahau nyuma, vyombo sikuvisahau. Ndiyo maana leo mwenye karakana tatu pale mtaa wa Ghala ni mimi, na walionicheka bandarini kwa kubeba sanduku la chuma badala ya sanduku la nguo baadhi yao nimeshawafungia milango ya nyumba zao, na kwa bei nzuri. Sijisifu. Nnaeleza tu.

Nnayaandika haya kwa ajili ya vijana wangu wa Ghala wanaodhani mlango hutoka kwenye mashine umeshakuwa mlango. Wakati wetu mlango ulikuwa ni mkono na subira. Maskati ina tabia mbaya kwa mti. Wakati wa joto unyevu wa bahari unaufutua, wakati wa baridi unakauka na kusinyaa, na mlango uliofungika vizuri mwezi wa pili, mwezi wa saba unahitaji bega. Kwa hivyo tulikuwa tukiacha nafasi ya unene wa kucha pembeni, na hiyo kucha ilikuwa lazima iwe ya Mistri. Gundi nayo haikuwa ya chupa. Ilikuwa ya ngozi na kwato, mabonge makavu kama sukari guru, unaichemsha kwa chungu ndani ya chungu, cha nje kina maji na cha ndani kina gundi, kwa sababu ikiguswa na moto wenyewe inaungua na haishiki tena. Harufu yake sitaieleza, huenda mtu anasoma hichi anakula.

Mwaka wa kwanza nlipiga randa tu. Wa pili nikapelekwa Fahud, jangwani, kutengeneza mbao za kumiminia zege chini ya Mkuu wa Stoo, mtu aliyekupa misumari kama anang'oa meno yake mwenyewe. "Uliyopewa jana imekwenda wapi?" Imekwenda kwenye mbao, bwana, ndiko misumari iendako. Aliniandikia ripoti kuwa nna mdomo. Ni kweli, nnao.

Niliporudi Saih al Malih, mwaka 1967, mafuta yalikuwa yakikaribia kupakiwa melini kwa mara ya kwanza na kambi nzima inakwenda mbio. Mistri akaniambia, huku anafuta miwani, kwamba anarudi kwao kuozesha binti na harudi tena.

"Na karakana?" nikamuuliza.

"Karakana itapata fomeni mpya. Ama wewe, ama yule wa Karachi."

Yule wa Karachi alikuwa seremala mwenzangu, kijana mtaratibu, ana cheti cha skuli ya ufundi chenye mihuri mitatu, amekitia kwenye kioo juu ya kitanda chake. Miye juu ya kitanda changu palikuwa na watoto. Tulikuwa tukikaa Matrah, chumba kimoja, maji ya kuchota, na fomeni alikuwa akipewa nyumba ndani ya ua wa kampuni, vyumba viwili, mfereji wa maji na panka ya umeme darini. Mke wangu Bi Zuwena hakuniomba ile nyumba hata siku moja. Alikuwa akiitaja tu ile panka, mara kwa mara, kama mtu anavyomtaja jamaa aliye safarini.

Mwenye kutoa shauri la nani awe fomeni alikuwa Mhandisi wa Mabomba, kwa sababu karakana ilikuwa chini ya idara yake. Mwenye kupitisha alikuwa Msimamizi wa Kambi. Wakumbukeni hawa wawili.

Mhandisi wa Mabomba tukimwita Bwana Mabomba. Alikuwa Mwairishi, jitu la nywele za rangi ya kutu, na alikuwa amefanya kazi Mombasa miaka mingi, basi Kiswahili akikisema, kile cha wazungu wa mashamba, kinachotembea bila viatu. Wiki nzima ungemsikia anayapigia kelele mabomba kama yana masikio. Siku moja akaingia karakana kimya kimya, amekumbatia kitu kimefungwa kwenye taulo.

"Fundi," akamwambia Mistri, "hii mtoto yangu nakufa."

Akafungua taulo. Ilikuwa fidla. Kifua kimeachana na mbavu, upande mzima umepanua mdomo. Mistri akatikisa kichwa, hakuwahi kuigusa fidla maisha yake. Yule wa Karachi akasema hicho ni chombo cha kupelekwa Ulaya. Miye nikasogea.

"Hajafa, bwana. Ameachia gundi tu. Joto la hapa limeiyeyusha."

"Wewe iko jua fidla?"

"Bwana, Unguja nimetengeneza fidla mpaka nimechoka."

Mistri akaniangalia juu ya miwani. "Mpaka umechoka?"

"Nlikuwa mdogo, Mistri. Nikichoka upesi."

Ukweli ni kwamba katika duka la ami yangu, Kiponda, iliwahi kuletwa fidla ya mpigaji wa taarabu, na miye ndiye nliyeshika chungu cha gundi mwanzo hadi mwisho. Anayeshika chungu huona kila kitu, kwa kuwa hana kazi nyengine. Nikaiosha gundi kuukuu kwa maji ya vuguvugu na kitambaa, nikapaka mpya nyembamba, halafu nikakwama. Jiriwa zetu, vile vibano vya kukamatia mbao zinaposhikana, zilikuwa za milango. Zingeivunja ile fidla kama kaa. Basi nikakata mpira wa ndani wa gurudumu la baskeli, vipande virefu vyembamba, nikaizungushia fidla yote ikawa kama mtoto wa siku saba. Nilipoufungua ule mpira imeshika, huoni hata mstari. Leo ukienda Ulaya sijui wanafanyaje. Sidhani kama wanatushinda.

Bwana Mabomba akaigonga kwa kidole, akaisikiliza tumbo, akasema, "Alkhamisi, baada ya saa ya kazi, kuja hoteli ya kula. Wewe nasikia kama mzima."

Kile chumba cha kulia kilikuwa cha wazungu peke yao. Watu wetu waliingia kwa mlango wa jikoni na sinia mkononi. Miye siku ile nliingia kwa mlango wa mbele, kanzu imepigwa pasi, kofia ya viua kichwani. Nyinyi hamjui hiyo ilikuwa na maana gani. Mjini wakati ule mambo ya muziki yalibanwa na serikali, mtu alikuwa akiimba kwa ndani, lakini ndani ya ua wa kampuni walikuwa na ruhusa zao.

Taarabu nnaijua tangu tumboni. Basi nlitaraji viti kwa safu, wapigaji mbele wanatutazama, na mwimbaji amepaka manukato. Nikakuta viti vitatu vimewekwa duara, wapigaji wametazamana wenyewe kwa wenyewe, migongo kwetu. Bwana Mabomba na fidla. Sista wa zahanati, mwanamama mfupi aliyekuwa akituchoma sindano bila huruma, na filimbi ya bati kama zile za kuwauzia watoto sikukuu. Na Mpimaji wa ardhi, kijana mrefu, ameshika kitu nikakijua mara moja: dufu. Dufu hasa, kiwambo cha ngozi ya mbuzi kwenye duara la mti, kama letu la maulidi, ila lao hulipiga kwa kijiti na mkono mmoja umejificha kwa nyuma.

Nikamwendea Khamis mpishi, mtu wa Malindi ya Unguja, mnene, amesimama mlango wa jikoni. "Hawa wamegombana na watu?"

"Ndiyo adabu yao," akasema. "Wanapigiana wenyewe. Sisi tunadokoa tu."

Wakaanza. Fidla ilianza peke yake, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Filimbi ikaja juu yake, dufu likaja chini. Nyimbo yenyewe fupi, ikimalizika inarudi mwanzo. Mara ya kwanza unaisikia. Mara ya pili umeijua. Mara ya tatu unadhani ni yako, ulizaliwa nayo, na pale pale ulipoimiliki Bwana Mabomba ananyanyua nyusi moja, hasemi neno, na wote watatu wamesharukia nyimbo nyengine, wewe umebaki hewani na mguu mmoja. Na hakuna kiongozi wala karatasi. Nikatazama chini nikaona mguu wangu wa kulia unapiga sakafu, sikuutuma mimi.

Baadae sana mwanangu aliniletea kanda ya muziki huo huo, imepigwa na mabingwa, safi kabisa. Nikaisikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Ilikuwa kama kuonyeshwa picha ya halua. Kwenye kanda husikii kiatu kikigonga, wala Sista akivuta pumzi kabla hajapanda juu, wala kiti kikilia chini ya mtu wa ratili mia mbili na hamsini, kiti nlichokitengeneza mimi, na huku moyo wako unakwenda mbio kwa ajili ya muziki na kwa ajili ya kiti. Huwaoni watu wakiangaliana. Nusu ya muziki ule upo machoni.

Halafu, usiku ule, Sista na Mpimaji wakanyamaza, naye Bwana Mabomba akapiga moja polepole, peke yake, macho amefumba. Haikuwa na maneno. Nikauona mlango wa nyumba yetu ya Kiponda, nliouchonga mwenyewe, na ile kucha ya nafasi nliyoiachia pembeni, nikajiuliza nani anaufunga sasa. Nikamtazama yule mtu na jasho lake linadondokea mti wa fidla, nikasema moyoni, huyu naye katoka kwao.

Alipoimaliza wakaingia kwenye ya mbio, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kwetu sisi, mtu akikupigia namna ile, kukaa kitini ni kumtukana. Unainuka. Unashika noti baina ya vidole viwili, mkono juu ili watu waione, unakwenda kwa madaha, hatua na mapigo, unamzunguka mpigaji, unamtunza: unamtia noti mkononi au unambandika pajini. Unayaambia masikio ya watu wote kwamba huyu ametufanyia kazi. Nikainuka. Nlikuwa na rupia moja. Nikenda kwa madaha yangu yote, na wanaonijua wanajua nnayo, nikamzunguka Bwana Mabomba, nikambandika noti juu ya paji la uso. Kwa lile jasho ikanasa kama stempu.

Fidla ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Muziki ukakatika.

Bwana Mabomba akaibandua, akaitazama, uso umekuwa rangi ya nywele.

"Kwetu," akasema taratibu, "mtu napewa pesa hii namna iko kaa barabarani na kofia yake chini."

Akaitia fidla ndani ya taulo akatoka. Nikageuka. Mlangoni, kikombe cha chai mkononi, alikuwa amesimama Msimamizi wa Kambi, ameona yote.

Jumamosi nikaitwa ofisini. Msimamizi wa Kambi alikuwa Mwingereza mwembamba, kaptura yake imepigwa pasi mpaka ule mkunjo ungeweza kukata mkate. Akisema Kiarabu kama anasoma khabari. Na miye Kiarabu changu kilikuwa cha sokoni, lakini tulifahamiana vizuri kuliko nlivyotaka.

"Umeomba ufomeni?"

"Naam."

"Na Mhandisi wa Mabomba ndiye mwenye kutoa shauri?"

"Naam."

"Na Alkhamisi ulimpa pesa."

"Nlimtunza, bwana. Mbele ya watu wote. Hongo hutolewa mbele ya watu?"

"Mwerevu hufanya hivyo, ili isifanane na hongo."

"Basi nashukuru kwa kuniona mwerevu."

Hakucheka. Akasema atafikiri mpaka Jumamosi nyengine, na kama hajapata maelezo ya kumridhisha, si ufomeni tu, nitakusanya na vyombo vyangu. Nikatoka nikiiona ile panka inazunguka, inakwenda zake.

Nyumbani nikamhadithia Bi Zuwena. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Ulimtunza peke yako?"

"Peke yangu."

"Hakuinuka mwengine?"

"Hakuinuka."

"Basi Msimamizi ana haki. Uliona wapi mtu akatunzwa na mmoja? Akiinuka mmoja na noti mkononi, huyo ana lake. Siku nlipoimba harusini Vuga, aliinuka mmoja tu kunitunza, na mji mzima ukasema ana lake."

"Nani huyo?"

"Weye."

"Kwani uongo? Nlikuwa nalo."

"Ndiyo nnavyokwambia. Waende wengi."

Asubuhi yake nikaingia jikoni kwa Khamis. Nikamweleza: Alkhamisi wakianza kupiga, wainuke watu wetu wote, yeye, waandikaji meza, madereva, kila mtu na rupia yake.

"Rupia yangu nimpe mzungu," Khamis akasema, "mwenye mshahara wa kunilisha mimi na majirani?"

"Si kwa ajili yake. Kwa ajili ya muziki. Alipiga vibaya?"

Khamis akakoroga sufuria. "Hakupiga vibaya."

"Ulikuwa unatikisa kichwa, nlikuona."

"Nlikuwa nafukuza nzi. Nitapata nini?"

Nikamuahidi kabati la vyombo, la milango miwili. Hiyo sasa ndiyo ilikuwa hongo, lakini Msimamizi hakuwepo jikoni.

Ikabaki mimi mwenyewe nitaingiaje, maana sikualikwa tena. Kwa bahati nzuri kiti kimoja cha chumba cha kulia kikalegea mguu, sijui vipi, na Mistri akanituma nikakikaze Alkhamisi hiyo hiyo baada ya kazi. Akanifuata na yeye, na wa Karachi akaja kubeba kisanduku cha misumari, ingawa mguu wa kiti haupigwi misumari. Kila mtu kambini alikuwa ameshasikia.

Bwana Mabomba aliniona nimepiga magoti pembeni na chungu changu cha gundi. Hakunisalimu. Msimamizi alikaa karibu na dirisha, mikono amefunga kifuani, kama mtu anayesubiri mtihani wa mwenziwe. Wakapiga ya kwanza, hakuinuka mtu. Wakapiga ya pili. Nikamtazama Khamis mlangoni, naye akanitazama kama hanijui. Nikainua vidole viwili: milango miwili. Akavuta pumzi.

Alitoka jikoni na eproni yake, upawa mkono wa kushoto, noti mkono wa kulia, kiuno kinamtangulia. Wallahi sikuwahi kumuona mtu mnene akawa mwepesi vile. Akamzunguka Mpimaji, akaibandika noti juu ya ngozi ya dufu, na dufu likaendelea kupigwa na noti inarukaruka juu yake. Nyuma yake muandikaji meza, sinia kichwani bila kulishika, akamwekea Sista noti yake magotini. Dereva wa lori akafuata, buti zake zimejaa mchanga, anapiga madaha kama bibi harusi. Miye nimebaki chini na gundi yangu, nimetulia kama sijui kitu.

Halafu akainuka Mistri. Huyo sikumpanga. Akamwendea Bwana Mabomba, akaizungusha noti juu ya kichwa chake mara kadhaa, kama wafanyavyo kwao kumwondolea mtu jicho baya, akaiweka miguuni pake.

"Sisi pia," akasema kumwelekea Msimamizi, "harusini."

Na wa Karachi je? Alikaa akiangalia kulia na kushoto, akaona watu wote wameinuka, na yeye pia mwombaji wa cheo. Asipotunza ataonekana bakhili, akitunza ataonekana ametoa hongo. Masikini, alikuwa mtu wa haki. Akainuka akamtunza Bwana Mabomba noti ya rupia tano.

Bwana Mabomba hakusimamisha fidla safari hii. Aliangalia ile noti ya Mistri miguuni, akamwangalia Khamis na upawa wake, akaniangalia mimi, na nikaona bega lake linatikisika. Alikuwa anacheka, na anavyocheka ndivyo anavyozidi mbio, mpaka Sista akaitoa filimbi mdomoni kwa kukosa pumzi. Walipomaliza akasimama.

"Sawa," akasema. "Mimi nafahamu sasa. Sasa nyinyi sikia yangu. Kwetu mtu nafurahi, hapana lipa pesa. Nalipa nyimbo. Kila mtu iko hapa ndani natoa moja." Akaninyooshea upinde. "Wewe ya kwanza."

Nna vipaji vingi, na wengi wameshavitaja. Kuimba si kimojawapo. Lakini nlisimama nikaimba, kijinyimbo cha kuchekesha cha watoto wa mtaani kwetu, cha mbuzi aliyekula kilemba cha mwalimu, na sauti yangu ikaacha nafasi pembeni kubwa kuliko kucha. Khamis akaimba vizuri mno, akatuudhi. Wa Karachi akaimba akalia. Halafu Sista akageuka dirishani.

"Na wewe," akamwambia Msimamizi wa Kambi.

Msimamizi akasema yeye amekuja kuangalia tu. Sista akasema pale ndani haketi mtu wa kuangalia tu. Amjuaye Sista na sindano zake habishani naye. Msimamizi akasimama, mikono nyuma, miguu pamoja, kama mtoto wa darasa la kwanza, akaimba. Sista alitwambia baadae ilikuwa ya kondoo. Sauti yake ilikuwa bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini aliimba mpaka mwisho, beti zote, masikio yamemwiva mekundu, na katikati ya nyimbo akafumba macho kama vile Bwana Mabomba.

Tukatazamana. Desturi ni desturi. Nikainuka, na Khamis, na dereva, na Mistri, wote kwa madaha, tukamtunza: paji la uso, mfuko wa shati, noti moja kwenye mkunjo wa kaptura, ikasimama wima. Hakuzibandua. Alikaa nazo.

"Nimeimba vizuri?" akaniuliza taratibu.

"Bwana, umeimba mpaka Khamis kaacha mchuzi unaungua."

Hilo lilikuwa kweli. Harufu ilishatufikia.

Jumamosi nikaitwa ofisini. Noti zake zipo juu ya meza, amezinyoosha moja moja.

"Hizi nizifanye nini?"

"Zako, bwana. Za nyimbo."

"Haiwezekani kuzirudisha?"

"Akirudisha aliyetunzwa, amewaambia watu waliongopa."

Akazihesabu upya. Mtu anayeandika ripoti ya hongo na huku amepewa noti na nusu ya kambi, mbele ya Sista, ataianza vipi? Akafungua mtoto wa meza, akazitia ndani, akafunga.

"Khalas," akasema. "Rudi kazini."

Bwana Mabomba alikataa kutoa shauri la ufomeni, alisema ametunzwa na wote wawili. Wakamwachia Mistri. Mistri akasema wa Karachi ni seremala safi na apewe karakana ya Fahud, na kweli akapewa, na alimfundisha adabu yule Mkuu wa Stoo, jambo ambalo mimi sikuliweza. "Huyu," akasema kunionyesha mimi, "fidla yake imepigwa kwa hasira, imepigwa kwa kicheko, haikuachia." Akanipa ufunguo. Bi Zuwena alipoingia nyumba ile alikwenda moja kwa moja akawasha panka, akasimama chini yake na buibui lake mpaka likapepea.

Kutoka hapo Alkhamisi zangu zilijulikana. Nliliwamba dufu la Mpimaji mara tatu kwa ngozi za mbuzi wa hapa, na kila unyevu wa bahari ulipolilegeza tulilianika karibu na jiko la Khamis, kwenye kabati lake la milango miwili. Tuliimba tulichonacho na wao wakapiga walichonacho. Mwaka 1970, Sultani mpya alipoifungua nchi na kazi zikawa nyingi kuliko mikono, Bwana Mabomba akahamishwa. Alkhamisi ya mwisho alipiga ile ya polepole. Sikumtunza pesa. Nliimba ya mbuzi na kilemba, yeye akafumba macho akanisikiliza kama nnaimba kweli.

Sasa nimewaachia karakana watoto. Umri si mkubwa, mgongo ndio ulioomba ruhusa. Siku ya kukabidhi walifanya karamu pale pale Ghala, baina ya mbao, watu wa wizarani walikuja kutoka Khuwair na suti zao za kanzu. Mwanangu mkubwa akasoma hotuba ndefu ya maendeleo. Nilipoambiwa niseme neno nikasema sina neno, nimefurahi, na aliyefurahi hulipa nyimbo. Nikaimba ya mbuzi, beti zote. Vijana wakapiga makofi. Makofi si mabaya, lakini hayagharimu kitu, na mtu anaweza kuyapiga amekaa.

Pale ndipo akainuka Bi Zuwena, upande wa wanawake, na magoti yake mabovu. Noti ya riali baina ya vidole viwili, mkono juu ili watu waione. Akaja taratibu, kwa hatua na mapigo, ingawa hapakuwa na mapigo yoyote ila ya panka ya dari. Akanizunguka. Akanibandika pajini.

Hakuinuka mwengine.

Mwanangu akaniinamia sikioni. "Baba, mama huyu ana lake."

"Nnajua," nikamwambia. "Niachie."